Gari Lililokatazwa Lami

Mimi nitaanza na taa. Wenzangu wa kamati wakilisimulia jambo hili huanza na mheshimiwa, wakamshukuru, wakamshukuru tena, na wakifika kwenye taa wameshachoka, wanairuka. Mimi Kahaso sina shukrani za kumwaga. Ilikuwa taa ndogo ya rangi ya chungwa, yenye umbo la injini, nyuma ya usukani wa ambulansi yetu ya kijiji cha Mwatsunga. Ilianza kuwaka kabla hata gari halijazinduliwa.

Mtaniuliza, wewe mfuga mbuzi usiyejua hata kuendesha baiskeli, taa ya gari inakuhusu nini? Inanihusu kwa Judy, binti yangu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiani, juu ya pikipiki, kule kwenye mawe tunakoteremkia kwenda barabara kuu. Hakulia. Nilimfunga kwa leso yangu nikarudi naye nyumbani kwa miguu. Judy alipopata mimba ya pili, daktari wa Msambweni alimwambia mimi nikiwa nimekaa pale pale: uchungu ukianza tu usingoje kitu, uje, kwa sababu presha yako inapanda na damu inakutoka nyingi. Basi. Mumewe, Samuel, anafua mashuka hotelini kisiwani Chale, hana gari wala rafiki mwenye gari. Gari la kutufikisha lilikuwa moja tu, hilo la kamati.

Lilitolewa na mheshimiwa. Mheshimiwa gani, haidhuru, wanafanana. Lililetwa na kijana kutoka Kwale mjini, milango ya nyuma imefungwa utepe mwekundu wa nailoni uliozungushwa na kuzungushwa, na fundo kubwa katikati, kwa ajili ya sherehe ya uzinduzi. Sherehe ikaahirishwa. Mheshimiwa alikuwa na msiba. Kisha alikuwa na semina. Kisha alizuiwa na mvua, na kwetu huku hatukuwa tumeona hata wingu.

Mwenyekiti wetu, Bwana Mangi, aliwahi kuwa karani mahali fulani na mpaka leo hutembea na kalamu tatu mfukoni. Akaamua kwamba wagonjwa wabebwe wakati tunangoja, lakini utepe usiguswe mpaka mwenyewe aje aukate. Mlango wa ubavuni nao ulikuwa umezibwa na kabati la dawa, kabati kubwa zuri lisilo na dawa hata moja. Kwa hiyo wagonjwa wa Mwatsunga waliingia kwa mlango wa dereva, wakapanda juu ya kiti, wakaangukia nyuma. Mzee mmoja aliyevunjika nyonga alipitishwa dirishani huku akitutukana sisi na mama zetu. Bwana Mangi alisimama pembeni akisema, "Polepole jamani, msiushike utepe."

Msinione sina adabu. Najua adabu. Kwetu ukiletewa kuku humpapasi kifua mbele ya aliyemleta. Unapokea, unashukuru, unamfunga kamba, na kama ni mifupa mitupu utajua mwenyewe akishaondoka mgeni. Bwana Mangi aliushika mwiko huo akaufanya sheria ya gari: kitu cha kupewa hakitiwi kasoro kabla mwenye kutoa hajakikabidhi. Kwa hiyo hapakuwa na ruhusa ya kubadilisha balbu, wala kuongeza upepo wa tairi, wala kufungua boneti. Kulitengeneza gari kabla ya uzinduzi ni kumwambia mheshimiwa ametuletea kibovu. Na tukimwambia hivyo, je, ataleta kingine?

Taa aliiona kwanza Tsuma, dereva. Tsuma ni kijana mzuri, mwoga kidogo, na barua yake ya kazi ilikuwa itolewe siku ya uzinduzi, kwa hiyo mpaka siku hiyo alikuwa dereva wa kusema ndiyo. Akatuambia kitu cha ajabu. Kwenye mawe yetu huku juu, gari likirukaruka mpaka meno yagongane, taa hailalamiki. Likifika barabara kuu, likikanyaga lami tu, taa inaanza kumetameta na gari linatetemeka.

"Ni jicho la watu," akasema mmoja wa wajumbe. "Huko lamini kuna watu wengi wenye husuda."

Siku ya kliniki ya Judy, tulipotoka Msambweni, Bwana Mangi mwenyewe, aliyekuwa nasi garini, akakubali tuendelee mpaka Ukunda, kwa fundi, mradi fundi aangalie tu, asiguse. Tukaenda mpaka Kona ya Musa, nyuma ya maduka ya vipuri. Fundi tuliyeelekezwa alikuwa binti wa bara anaitwa Cynthia, kucha ndefu zimepakwa rangi ya zambarau, mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine umeshika kiazi karai kinachovuja ukwaju. Tulimwamkia vizuri. Akatuitikia "sasa" bila kuinua kichwa. Akachomeka waya chini ya usukani, akatafuna, akasoma.

"Silinda ya tatu inamisi," akasema. "Inakosa moto. Kitambo tu, si leo."

"Hiyo kompyuta imejuaje?" nikamuuliza. "Imeingia ndani ikaona?"

"Haioni kitu, mathe. Cheki." Akalamba kidole, akachora kwenye vumbi la boneti. "Hapa ndani mko na silinda nne. Kila moja ikipasua moto inasukuma huu mhimili wa chini, tunauita krenki. Hii inasukuma, hii inasukuma, kwa zamu. Kwenye krenki kuna gurudumu la meno, na kando yake kuna sensa, inahisi meno yakipita. Kazi yake ni hiyo tu. Zote zikipasua sawa, meno yanapita sawasawa. Moja ikikosa, krenki haijasukumwa, inachelewa kidogo. Kidogo sana, wewe huwezi kuskia. Sensa inaskia. Na kompyuta inajua hiyo ilikuwa zamu ya nani, kwa hiyo inamshika."

Hapo nikaelewa, tena vizuri. Tukitwanga mahindi wanawake watatu kwenye kinu kimoja, mtu hahitaji kutazama. Mmoja akikosa kushusha mchi wake, masikio yanajua, na yanajua ni nani. Nikamwambia hivyo Cynthia. Akacheka mpaka kiazi kikamtoka.

"Hapo hapo, mathe! Wewe njoo nikuajiri."

Akatueleza na habari ya taa. Ikiwaka ikatulia, tafuta fundi. Ikimetameta, hali ni mbaya, kwa sababu petroli isiyoungua kwenye silinda inatoka nzima na kwenda kuungulia huko chini kwenye eksozi, kwenye kichujio cha moshi, na kichujio kinaiva mpaka kinakuwa chekundu. Kwenye lami angalau kompyuta ikiona hasara inazidi inaifungia petroli ile silinda mbovu, na gari linajikokota kwa zile tatu mpaka kwa fundi.

Bwana Mangi akakohoa kikohozi chake cha mkutano. "Na mbona kule kwetu, kwenye barabara ya mawe, taa haiwaki?"

"Kwa sababu kompyuta si fala, mzee. Kwenye mawe magurudumu yanaruka, mtikisiko unapanda mpaka kwenye krenki. Sensa inaskia krenki inayumba, lakini haijui kama ni moto umekosa ama ni shimo. Sasa ikiskia barabara ni mbaya, inaamua kunyamaza, isije ikasingizia mtu. Inangoja mfike lami. Gari zingine zingeiacha taa ikiwaka hata wiki, hii yenu ni nyepesi kusahau."

"Kwa hiyo kwenye mawe," akasema Bwana Mangi polepole, na nikamwona anatoa kalamu, "gari halina kosa."

"Kosa liko! Shahidi ndiye amefumba macho." Cynthia akajifuta mikono kwenye suruali. "Ni koili moja tu imekufa, ile ya kuipa silinda moto. Ninayo hapa. Nabadilisha sasa hivi, hata soda yako hujaimaliza."

Akashika boneti. Bwana Mangi akairukia kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kanzu isipeperuke. Akamshukuru yule binti kwa elimu, akamwombea kwa Mungu amzidishie, akamwombea na wazazi wake, akatuingiza garini mmoja mmoja kwa mlango wa dereva. Judy na tumbo lake aliteleza kwenye kiti akaniangukia. Nikasema, na nilisema kwa sauti, kwamba huo ni wazimu. Akanijibu, "Bi Kahaso, mambo ya kamati huamuliwa katika kamati."

Yakaamuliwa. Nilikuwa nimekaa pale kwenye mkutano, chini ya paa la bati la shule, nikayasikia kwa masikio yangu mawili. Bwana Mangi alisimama akatoa ripoti: mtaalamu wa Ukunda, mwenye kompyuta, amethibitisha kwamba gari letu ni zima kabisa katika barabara zetu wenyewe. Matatizo yanalipata likikanyaga lami. Watu wakanong'ona. Mmoja akasema alijua siku nyingi kwamba lami ina joto baya. Mwingine akauliza, sasa tufanyeje, na Msambweni hakufikiki bila lami?

"Kuna vumbi kando ya lami," akasema Bwana Mangi. "Lina mashimo ya kutosha, alhamdulillahi, na mawe. Gari lipite hapo."

Wakapiga makofi. Wallahi wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina na maalimu akasema amina, na katika mambo ya imani hilo ndilo jambo pekee walilowahi kukubaliana tangu niolewe kijiji kile.

Nikasimama. Nikawaambia ugonjwa uko kwenye koili, haupo kwenye lami, na kwamba daktari asipokuona hujapona. Nikawaambia mficha uchi hazai. Bwana Mangi alinisikiliza kwa heshima, akaniambia mchango wangu umepokelewa, na kwamba kama mjumbe wa akina mama naombwa niangalie chai imefikia wapi. Yaani chai! Nikawaachia na chai yao. Siku ya pili nikamwendea Tsuma kwa siri, nikamwambia twende Kona ya Musa tukatiwe hiyo koili, mzee hatajua. Tsuma akanionyesha boneti. Ilikuwa imefungwa mnyororo na kufuli, kufuli la mlango wa duka, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mwenyekiti.

Basi likawa gari la kando. Watu wa barabara kuu ya Lunga Lunga waliliona likipita vumbini sambamba na lami nzuri tupu, likiyumba, likivunja vijiti, mgonjwa ndani akipiga kelele. Waendesha bodaboda wakalipa jina, wakaliita Mbuzi. Niliudhika kwa niaba ya mbuzi wangu, maana mbuzi akitaka kuvuka lami anavuka. Taa nayo ikawa haiwaki tena, na kila isipowaka Bwana Mangi aliongezeka unene. Aliwapigia simu watu wa vijiji vingine kuwaeleza tulivyolitibu gari bila kugusa hata msumari.

Mimi nilikuwa nalisikiliza. Likipanda kilima cha shule nilikuwa nalisikia kutoka zizini, moja, mbili, nne. Moja, mbili, nne. Mchi mmoja haushuki. Judy alikuwa akiniona nimeinua kichwa, naye anaacha kuchambua kunde. "Mayo, usinitie hofu," ananiambia. Nilikuwa na hofu ya kututosha sote, mbona ningemnyima.

Uchungu ulimshika asubuhi, jua limeshapanda, kiangazi kikali, nyasi zote zimekuwa nyeupe. Nilichukua mkoba wetu wa hospitali: leso mbili mpya, uzi, na wembe mpya ndani ya karatasi yake, kwa ajili ya kitovu. Siku hizi hospitali wana vyao, lakini mama yangu hakuwahi kwenda uzazini bila wembe wake, na mimi siendi. Tsuma akaja. Na pembeni yake, kiti cha mbele, amekaa Bwana Mangi na suti.

"Leo nina mkutano Msambweni," akasema, "na nitahakikisha pia maazimio yanafuatwa. Shikamoo ya mama iko wapi?"

Sikumwamkia. Nilimsukuma Judy kwa mlango wa dereva, uchungu umemkamata, Tsuma anamvuta mkono na mimi namsukuma kiuno, na Bwana Mangi ameinua magoti ili suti isichafuke. Tukamlaza sakafuni juu ya godoro. Nikakaa naye nikamshika kichwa.

Kwenye mawe gari lilikuwa halina nguvu. Kulikuwa na harufu ya petroli, na nyuma ya harufu hiyo nyingine, ya mayai viza. Nikasema. Bwana Mangi akasema ni harufu ya shamba. Tulipofika barabara kuu, Tsuma alilazimika kulivusha kwenda upande wa pili, na matairi yalipokaa vizuri kwenye lami, taa ikaanza. Niliiona kutoka nilipokaa, katikati ya viti. Ilimetameta haraka haraka.

"Kaa lami, Tsuma!" nikapiga kelele. "Kaa hapa hapa! Kompyuta iifunge hiyo silinda, tujikokote na tatu! Hata kwa mwendo wa konokono tutafika!"

"Vumbini," akasema Bwana Mangi.

"Tsuma, mwanangu, nakusihi!"

"Tsuma. Barua yako."

Tsuma akanitazama kwenye kioo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na sijui mpaka leo kama nimemsamehe. Akakata usukani. Tukateremka kando, kwenye mashimo, kwenye nyasi ndefu kavu, na Judy akalia kwa uchungu na kwa kugongwa. Taa ikazimika.

"Mnaona?" akasema Bwana Mangi, akageuka kunitazama kwa furaha ya kweli, bila ubaya wowote. "Limepona."

Tulikwenda hivyo kitambo, gari likizidi kuchoka, Tsuma akikanyaga mafuta na gari halitaki. Halafu Judy akaniambia kwa sauti ndogo, "Mayo, chini kuna moto." Nikaweka kiganja sakafuni pembeni ya godoro. Nikakiondoa. Gari likakohoa, likatetemeka, likazimika katikati ya nyasi zilizofika milangoni, na mimi nikamkumbuka Cynthia akisema kichujio kinaiva mpaka kinakuwa chekundu. Kilikuwa chini yetu hapo, kimelalia nyasi za kiangazi.

Moshi ukaanza kupanda upande wa dereva. Tsuma akaruka. Bwana Mangi akaruka upande wake na suti yake. Na nyuma yao moto ukashika nyasi za mbele, pande zote mbili, milango ya mbele ikawa haiendeki. Kabati la dawa lilikuwa ubavuni, kubwa, zuri. Ilibaki milango ya nyuma. Nikafungua komeo, nikasukuma kwa mguu. Ikafunguka upana wa mkono mmoja, ikakwama. Utepe.

Nilisukuma kwa mgongo. Nailoni ile ikavutika na kurudi. Judy alikuwa amenishika kifundo cha mguu anaita jina langu, si mayo, jina langu, Kahaso, Kahaso, kama alivyokuwa akisikia baba yake akiniita. Nikauona mkoba. Nikachana karatasi kwa meno, nikatoa wembe wa kitovu cha mjukuu wangu, nikapitisha mkono kwenye upenyo, nikakata. Tabaka la kwanza, la pili, la ngapi sijui, nilikuwa nalia na natukana. Nje nikamsikia Bwana Mangi.

"Bi Kahaso! Utepe! Jamani, Bi Kahaso, utepe!"

Milango ikafunguka. Ndivyo gari la mheshimiwa lilivyozinduliwa. Tsuma alikuja akamshika Judy mabegani, hilo namhesabia, tukamkokota na godoro lake mpaka katikati ya lami, na lami ilikuwa ya moto lakini haikuwa inaungua. Gari likashika moto nyuma yetu. Wembe nilikuwa nimeuangusha humo humo.

Nikasimama katikati ya barabara nikapanua mikono. Likaja gari la mizigo dogo kutoka upande wa Shimoni, limejaa magunia, likafunga breki. Aliyeendesha ni mwanamke, mtandio umefungwa nyuma ya kichwa na mikono imekunjwa, Bi Mwanatumu wa Kibuyuni, anapeleka mwani wa kikundi chao Mombasa. Hakuuliza maswali. "Shikamoo mama, Bismillahi, mpandisheni juu ya magunia."

Nilipopita kwenye dirisha lake nikaiona. Taa. Ya rangi ya chungwa, ile ile, na inawaka. Nikashindwa kuinua mguu.

"Dada, taa yako inawaka!"

"Naijua. Imetulia, haimeti. Fundi ameshaisoma, kesho naitia kifaa chake. Panda, mama, panda!"

Nikapanda. Bwana Mangi naye akataka kupanda, na Bi Mwanatumu akaondoa gari.

Lilikimbia katikati ya lami. Judy hakufika. Alijifungua juu ya magunia ya mwani, upepo unatupiga, mimi nimepiga magoti na leso mpya mikononi, na aliyetoka alikuwa msichana. Hakulia. Alikuwa wa rangi ya majivu na kimya, na mdomo wake mdogo ulikuwa umefunguka tu. Judy alikuwa ananitazama usoni. Hakuuliza, alikuwa anasikiliza. Nikamfuta mdomo kwa kidole, nikamlaza kifudifudi kwenye kiganja, nikamsugua mgongo, nikampiga nyayo. Nikamwambia Mungu maneno ambayo mchungaji asingependa kuyasikia. Nikampiga tena.

Akalia. Kwanza kidogo, kama kitu kinachokwaruza, halafu akapata pumzi akalia kweli, akawa mwekundu, akatupigia kelele sote. Mbele nikamsikia Bi Mwanatumu anapiga vigelegele huku anaendesha. Sijapata kuipenda sauti yoyote hapa duniani kama ile, na siwezi kuisema vizuri zaidi ya hivyo. Tukaingia Msambweni na kitovu hakijakatwa. Judy alitokwa na damu nyingi kama daktari alivyosema, lakini alitokwa nayo mikononi mwa watu wanaojua la kufanya. Akapona.

Kamati ilichunguza. Walikwenda mpaka palipoungua, wakaangalia, wakarudi na matokeo: kosa lilikuwa la nyasi. Vijana wakaagizwa wafyeke kando yote ya barabara. Tsuma hakutokea tena kwenye kamati, nasikia anafundishwa kazi na Cynthia kule Ukunda, na kwamba anapigwa kelele siku nzima. Na Judy alipomaliza arobaini, mheshimiwa alikuja. Kweli alikuja! Msiba umeisha, semina imeisha, mvua imekatika. Alikuja kutupa pole, na akaja na gari jingine, jipya kuliko la kwanza, na utepe wa bluu.

Tuliwekwa mbele, mimi na Judy na mtoto, ili tuonekane. Bwana Mangi alikuwa amependekeza mtoto apewe jina la mama yake mheshimiwa. Judy alimwambia amechelewa, mtoto anaitwa Mwanatumu. Vipaza sauti vikawashwa. Bwana Mangi akashukuru. Akashukuru tena. Akaeleza jinsi gari la kwanza lilivyofanya kazi bila kasoro hata moja mpaka siku ya ajali ya nyasi, na kwamba hili la pili tutalitunza vile vile. Mheshimiwa akasimama na mkasi, akaanza hotuba. Nikatazama kupitia kioo cha mbele. Kijana aliyelileta alikuwa hajazima injini, na nyuma ya usukani kulikuwa na kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kinawaka.

Ndipo mtoto akaanza kulia. Akalia kwa nguvu, ile sauti yake ya magunia, na kipaza sauti kikaichukua kikaitupa mpaka shuleni. Watu wakageuka. Bwana Mangi akainama karibu yetu, mwenye adabu kama siku zote, akaninong'oneza:

"Bi Kahaso, mnyamazisheni mtoto. Mheshimiwa anazungumza."

Judy alikuwa ameshaanza kufungua kifungo cha blauzi ili amnyonyeshe. Nikamshika mkono.

"Mwache alie," nikasema, na kipaza sauti kikayachukua hayo pia. "Mimi watoto nimewazika na kuwapokea. Huyu akinyamaza ndipo huwa naogopa. Na hilo gari lenu, fungueni boneti kwanza."

Mheshimiwa alisimama na mkasi wake, anatabasamu, anangoja. Bwana Mangi alitazama utepe, akatazama boneti, mkono umeshika ufunguo wa kufuli ambao bado ulikuwa shingoni mwake. Mtoto aliendelea kulia, na mimi nikampandisha begani ili asikike vizuri.